Upande wa Upepo

Kwanza zilikuwa nyuzi tu. Bendera ya vita, nyekundu yenye duara jeusi katikati, ilikuwa imetandazwa juu ya meza ya kukatia, katika karakana ya ushonaji, madirisha yamefungwa na feni imezimwa, kwa sababu bibi wa makumbusho hakutaka kitambaa chake kiguswe hata na upepo wa feni. Pande tatu za bendera zilikuwa zimepindwa vizuri. Upande wa nne, ule unaopigwa na upepo bendera ikiwa mlingotini, haukupindwa kabisa. Ulikuwa umechakaa, nyuzi nyekundu zimetoka nje urefu wa kidole. Na nyuzi zile zote zilikuwa zimelala kumwelekea kijana mmoja mrefu aliyesimama kwenye kona ya meza. Kijana akazunguka kwenda kuchukua chaki. Nyuzi zikageuka, zikamfuata.

"Oneni, zinampenda mjomba!" alisema mtoto wa nyumba hiyo, akapiga makofi.

Wakacheka wote, na mimi siwalaumu. Nani anaona uzi umegeuka akatoka mbio?

Mwenye karakana aliitwa Mama Pindo. Jina alipewa na wateja, maana pindo lake ukilivuta kwa meno unang'oka jino wewe. Alikuwa mjane. Mtoto wake wa kike, mwenye miaka saba, walimwita Kibogoyo tangu meno yake ya mbele yalipodondoka yote ndani ya wiki moja. Na yule mrefu alikuwa mdogo wa kiume wa Mama Pindo, Mlingoti. Dada anashona bendera, mdogo anasimamisha milingoti na kuzipandisha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Mama yao alifariki Mlingoti akiwa na miaka minne, na dada ndiye aliyemwogesha, akamfundisha kufunga kamba za viatu, akampeleka shule. Sasa alikuwa na miaka thelathini, ndevu kidevuni, na bado dada alikuwa anamkimbilia mlangoni na sweta.

"Haikuanguka hata mara moja," alisema Mhifadhi, yule bibi wa makumbusho, mwanamke mkavu mwenye glavu nyeupe. Alisema kwa fahari, mtu angedhani aliishika yeye. "Vita siku tatu, miaka mia iliyopita. Watu saba waliibeba, wote wa nyumba moja. Akifa huyu, ndugu yake anadaka. Haikugusa chini."

"Na huyo wa saba alipona?" Mlingoti aliuliza.

"Alikufa wiki moja baada ya vita. Kitandani, bila jeraha. Nyumba yao iliishia hapo."

"Basi mimi nitaishika kwa mbali," Mlingoti akasema, wakacheka tena.

Makumbusho yalitaka bendera kumi na mbili zinazofanana na ile ya zamani, kwa ajili ya maadhimisho, za kupepea nje mvua na jua. Mama Pindo akapima, akachora, akaandika vipimo vyote. Alipofika upande wa nne akasimama, akaguna.

"Huyu aliyeshona alikuwa fundi kweli, au alikuwa anakimbizwa? Pande tatu kashona mpaka natamani kumpigia saluti. Huu kauacha uchi."

"Labda uzi ulimwishia," alisema Mlingoti.

"Kuna maandishi kwenye daftari letu la zamani," Mhifadhi alisema, akikunja uso kukumbuka. "Yanasema, 'Upande wa upepo uachwe.' Sisi tulielewa kwamba isirekebishwe, ibaki ilivyo."

"Sawa, hiyo ni ya kuwekwa ndani ya kioo. Ya nje ukiacha hivyo, mwezi mmoja imebaki kamba tupu." Mama Pindo alipiga meza kwa kiganja. "Mimi upande wa upepo napiga mistari minne. Naweka dhamana ya miaka mitano. Ikifumuka hata uzi mmoja, nirudishieni nishone bure."

Mhifadhi aliridhika, akaikunja bendera yake, akaiweka kwenye sanduku. Nyuzi zilikuwa za mwisho kuingia. Zilibaki zimechungulia nje ya kifuniko, upande wa Mlingoti, mpaka glavu nyeupe zikazisukuma ndani.

Ya kwanza aliishona mwenyewe, siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, mlango wazi na watu wanapita barabarani. Akamaliza pande tatu. Akageuza upande wa upepo. Mstari wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Wa tatu, cherehani ikawa nzito kana kwamba inashona ngozi ya kiatu. Wa nne, zilipobaki inchi mbili, kitambaa kikavuta. Kilivuta kwenda mbele, kwa nguvu ya mtu, mpaka vidole vyake vikafika chini ya sindano na akaviponyoa kwa bahati tu. Mwingine angeacha. Yeye alikuwa na jina la kulinda. Akakanyaga, akafunga mshono, akakata uzi.

Hapo ndipo harufu ilipotoka. Ilikuwa harufu ya baruti, na chini ya baruti harufu ya jasho la watu wengi waliokaa pamoja siku nyingi bila maji. Mama Pindo alidhani mota ya cherehani imeungua. Akaigusa. Ilikuwa baridi.

Bendera zilipofika nne, rundo likaanza sauti. Pa, pa, pa, taratibu, sauti ya kitambaa kinachopigwa na upepo, wakati zenyewe zimekunjwa na zimelaliwa na pasi. Kibogoyo alirudi kutoka shule, akaweka sikio juu ya rundo, akakaa hivyo kwa muda, midomo wazi.

"Mama, humu kuna watu wanakimbia."

"Unasikia moyo wako, mwanangu. Toka hapo, ukavue sare."

"Moyo wangu ni mmoja," alisema mtoto. "Hawa ni wengi."

Mama Pindo alimfukuza kwa futi ya kupimia, kwa utani, lakini usiku ule alifunga karakana mapema. Na kazi aliiendeleza. Alimaliza kumi na mbili, akashona na ya kumi na tatu, kwa sababu Mhifadhi alipiga simu kuomba sampuli moja ya kupeleka kiwandani. Kiwanda kingetengeneza ndogo ndogo za kutundika barabarani. Mama Pindo aliibandika karatasi kwa mwandiko wake: "Upande wa upepo, mistari minne. Msipunguze." Akaituma, na kwa vile kazi zilikuwa nyingi, akaisahau.

Mlingoti alipandisha ya kwanza mbele ya makumbusho, saa nne asubuhi. Alivuta kamba kwa mkono wa kulia mpaka bendera ikafika juu, upepo ukaichukua, watu wakapiga makofi. Akarudi nyumbani kula mchana akiwa ameukunja mkono, ngumi iko usawa wa kifua.

"Dada, mkono umechoka vibaya. Siwezi kuushusha."

"Umekaza sana kamba. Nitakukanda jioni."

Alimkanda. Asubuhi Mlingoti akapandisha nyingine mbili, moja shuleni na moja hospitali, na akarudi ngumi iko usawa wa bega. Siku ya tatu ilikuwa usawa wa sikio. Kibogoyo alimtazama mezani, kijiko kiko mkono wa kushoto, chakula kinamwagika.

"Mjomba, unaomba ruhusa ya kwenda chooni?"

Mlingoti alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini machozi yaliendelea baada ya kicheko kwisha. Dada yake alimwambia aache kazi. Akasema zimebaki tano tu na ameahidi, naye hakuwahi kuacha ahadi, malezi ya dada yake hayo. Alizipandisha kwa mkono wa kushoto na meno. Alipomaliza ya kumi na mbili, mkono wa kulia ulikuwa umenyooka juu moja kwa moja, vidole vimefumba, kidole gumba kimelala juu ya vingine, namna mtu anavyoshika mti wa bendera.

Walikwenda hospitali. Daktari alichoma sindano ya kulegeza misuli, akangoja, akachoma nyingine. Wauguzi wawili wanaume waliuning'inia ule mkono kama watoto wanaobembea. Haukusogea.

"Misuli imeshikana," alisema daktari, akiwa anaandika. "Apumzike."

"Atapumzikaje, daktari, na mkono uko juu?"

Daktari alifunga faili. Nje ya dirisha lake, bendera ya hospitali ilikuwa inapepea vizuri, haijatoa hata uzi.

Mama Pindo alirudi akachukua mashati yote ya mdogo wake, akayachana bega la kulia na kutia vifungo, ili aweze kuvaa. Alishona huku analia, mbele ya wateja, bila kuona haya. Mkono ulikuwa umekuwa wa baridi, kucha zimekuwa za bluu, na Mlingoti alikuwa analala ameketi, ngumi ameiegemeza kwenye fremu ya mlango. Alisema hauumi. Alisema ni uzito tu. "Kuna kitu kinanielemea, Dada. Kizito, halafu kinavutwa na upepo. Nikilegea nahisi kitaanguka, na sijui kwa nini, naogopa kisianguke."

Alasiri moja, karakana iko kimya, mtoto yuko shule, jua limejaa mpaka chini ya meza, Mama Pindo alimsikia mdogo wake anaongea usingizini, akasogea kumfunika, na akiwa hatua mbili tu akagundua kwamba sauti si yake, ni ya mtu mzima mzee aliyekaukiwa koo, kisha ikabadilika ikawa ya kijana, kisha ya mwingine, wanapokezana kinywani mwa Mlingoti kila mmoja neno lake, na yeye pale na shuka mkononi akawa anazihesabu bila kutaka, nne, tano, sita, mpaka ya saba, iliyokuwa dhaifu kuliko zote, ikauliza kwa upole, "Nani wa karibu?" Mlingoti alifungua macho, akamwona dada yake. Nyuma ya macho ya mdogo wake kulikuwa na mtu mwingine naye anamwona.

"Dada," alinong'ona, "kwa nini umesimama hivyo?"

"Nilikuja kukufunika." Alimtandazia shuka mpaka kifuani. "Lala tu, mdogo wangu."

Kesho yake akaenda kwa Redio. Huyu alikuwa fundi wa redio mbovu mtaa wa nyuma, na watu walijua kwamba pia anatoa majini, ingawa kibao chake kilisema redio tu. Alikuja na koti lenye madoa ya risasi ya kulehemu. Hakuwasha kitu, hakuimba kitu. Aliweka sikio chini ya kwapa la Mlingoti, akasikiliza kwa makini, anavyosikiliza spika iliyokufa.

"Unakaa wapi?" aliuliza.

Mlingoti alijibu kwa ile sauti ya kwanza, ya mzee. "Nakaa kwenye kipimo, si kwenye kitambaa. Bendera ikifuata mchoro ule, kubwa au ndogo, ni nyumba yangu."

"Nani alikuweka?"

"Bibi mmoja. Alitaka bendera isianguke. Nikamwambia sawa, lakini nishikwe daima na mtu hai, na akichoka mpaka kufa nipewe wa karibu yake. Alikubali. Kisha akaniachia upande mmoja wazi, niwe natoka na upepo, uzi kwa uzi, mpaka niishe." Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka, na kuchoka kwake ndiko kulikomtisha Mama Pindo kuliko kelele. "Walinitia kwenye kioo. Kwenye kioo hakuna upepo, lakini hakuna mlingoti pia. Nilikuwa nimelala. Fundi akanijengea nyumba kumi na mbili, zikapandishwa juu, na zote hazina mlango."

Mama Pindo aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Basi mwache kijana," Redio alisema. "Nishike mimi."

"Wewe si wa karibu."

Macho ya Mlingoti yalizunguka chumba polepole, yakapita juu ya Redio, yakapita kwa Mama Pindo, yakafika kwenye mlango wa ndani alikosimama Kibogoyo na begi lake la shule mgongoni. Yakakaa pale. Mama Pindo alivuka chumba kwa hatua moja akasimama mbele ya mtoto wake.

Nje, Redio aliwasha sigara. "Dada yangu, mimi sitakuficha. Huyu hatoki kwa kufukuzwa. Ana mkataba. Fumua pindo zako. Zote. Mpe mlango, upepo umalize kazi."

Mhifadhi alipouona ule mkono alivua glavu zake na hakuzivaa tena. Alikubali palepale. Akawapa gari la makumbusho, na siku mbili mfululizo walizunguka. Mahali ni kumi na mbili: makumbusho, shule, hospitali, kituo cha mafuta, uwanja wa mpira, na kwingineko. Mlingoti aliwaelekeza namna ya kushusha kila kamba. Mama Pindo aliketi chini na wembe, akafumua mistari minne aliyoishona yeye, iliyokuwa migumu kufumua kuliko alivyowahi kufikiri, kwa maana ilikuwa kazi nzuri. Uzi wa mwisho ulipokatika, nyuzi za kitambaa zilitoka zenyewe, zikajimwaga mapajani mwake, harufu ya baruti ikapanda na kupotea. Wakaipandisha tena ile ya kwanza, ikafanye kazi na upepo. Na Mlingoti, kwenye kiti cha mbele cha gari, akapiga kelele.

"Dada! Umeshuka!"

Ulikuwa umeshuka kidogo, upana wa vidole vitatu. Lakini ulishuka. Kwa ya nne ngumi ilikuwa usawa wa macho. Kwa ya nane ilikuwa begani. Kwa ya kumi na mbili, alasiri ya siku ya pili, mkono ulifika kifuani, vidole vikafunguka kimoja kimoja, na Mlingoti akafunga kifungo cha shati lake mwenyewe. Kifungo kimoja tu. Mama Pindo alimkumbatia katikati ya barabara, magari yanapiga honi, Mhifadhi analia kwenye leso, Kibogoyo anaruka ruka na kuimba kwamba mjomba amepewa ruhusa. Walirudi nyumbani wanaimba wote.

Asubuhi, mkono ulikuwa begani.

"Labda nimeulalia," alisema Mlingoti.

Saa tatu ulikuwa usawa wa sikio. Mama Pindo alitoka nje akitafuta hewa, na hapo mbele ya karakana lori lilikuwa limesimama, watu wawili wako juu ya ngazi, wanafunga bendera ndogo kwenye nguzo za taa. Nyekundu, duara jeusi katikati. Akaikamata moja, akageuza upande wa upepo. Mistari minne. Safi, haikupunguzwa. Akaangalia barabara kwenda juu, akaangalia kwenda chini, na kila nguzo ilikuwa nayo, mpaka macho yalipokoma.

"Ziko ngapi?" aliuliza.

"Hizi?" Mtu wa ngazi alijivuna. "Elfu arobaini, mama. Miji yote. Nusu zilishafungwa usiku wa jana, na hii ni awamu ya kwanza tu. Sherehe mwaka huu si mchezo."

Alizifumua. Sitaki mtu aseme hakujaribu. Alipanda ngazi za watu, akapanda mapipa, akapanda bega la Redio, wembe mmoja ukaisha makali akachukua mwingine, na mpaka jioni alikuwa amefumua kumi na tisa, vidole vinavuja damu, kabla askari hawajamshika na kumwonya kwamba anaharibu mali ya umma. Mhifadhi alipiga simu kiwandani, akapiga ofisini, akapiga kwa kila mkubwa aliyemjua. Walimsikiliza, wakamshauri achukue likizo. Na mkono wa Mlingoti ulikuwa umenyooka juu kabisa, na safari hii bega lilikuwa linapasuka ngozi.

Redio alikuja akakaa kwenye kigoda. Hakuweka sikio popote.

"Sema," Mama Pindo alimwambia.

"Sina la kusema, dada yangu. Ningekuwa tapeli, leo ningekula pesa yako."

Siku ya sherehe, saa nne asubuhi, ngoma za gwaride zilikuwa zinasikika mbali. Mlingoti alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, midomo imepauka, anapumua juu juu. Alimwita dada yake karibu.

"Mchukue Kibogoyo, mwende. Panda basi lolote. Nikiwa peke yangu, labda hili lililo ndani halitaona mtu."

"Lilimwona hata akiwa nyuma yangu."

"Dada, nakuomba. Usinipokee."

Mama Pindo alisimama. Alimchukua mtoto, akampeleka kwa jirani wa nyumba ya tatu, akamwambia jirani afunge mlango na asifungue hata akisikia nini. Aliporudi alikuwa anakimbia, na ni mwanamke mnene, goti lake bovu, alikimbia hivyo hivyo, kwa hofu moja tu, kwamba mdogo wake atakata roho kabla hajafika na lile lililo ndani litatazama kushoto na kulia na kuanza kutafuta wa karibu kwa harufu ya damu, likatoka uani, likapita nyumba ya kwanza, ya pili, likasimama mbele ya mlango ambao nyuma yake kuna mtoto wa miaka saba asiye na meno ya mbele. Alifika. Alipiga magoti mbele ya kiti, akaweka kifua chake kwenye kifua cha Mlingoti, akamshika kwa nguvu zote, asiwepo mtu wa karibu zaidi yake dunia nzima.

"Niko hapa," alisema. "Mimi ndiye wa karibu. Unasikia? Mimi."

"Dada," Mlingoti alisema, kwa sauti yake mwenyewe, ya mtoto aliyefungwa kamba za viatu. "Ni kizito."

"Najua. Nipe."

Mkono wa Mlingoti ulianguka. Ulianguka kwa uzito wake wote mgongoni mwa dada yake, ukakaa pale, umemkumbatia. Na wa kwake Mama Pindo, wa kulia, ambao ulikuwa umeshika shati la maiti, ukaachia shati, ukapanda juu taratibu mpaka ukanyooka. Vidole vikafumba. Mtaa wa pili, watu walikuwa wanashangilia bendera.

Mwaka mmoja na miezi miwili imepita tangu siku hiyo. Mama Pindo anashona kwa mkono wa kushoto, polepole, na vifungo viko kwenye bega la kulia la magauni yake yote. Wateja wameshazoea. Anakula kila anachoambiwa kina nguvu, anapima moyo kila mwezi, anavuka barabara kwa uangalifu wa kikongwe, maana hana ruhusa ya kufa. Aliweka dhamana ya miaka mitano. Imebaki mitatu na miezi kumi, bendera zilizonakili mshono wake ziko juu kila mji na hazijafumuka hata uzi, na wakubwa walizipenda mpaka wameagiza nyingine kiwandani. Hilo Mhifadhi alimwambia mlangoni, bila kuingia ndani, akiwa ameinamisha kichwa.

Zile nyuzi zilizomwagika siku ya kufumua, amezihifadhi kwenye kikapu kidogo juu ya meza ya kukatia. Huziangalia kila asubuhi kabla ya kufanya kitu kingine. Mwaka wote zimelala kumwelekea yeye, akienda kushoto, akienda kulia, na kila akiziona hivyo hujua mzigo bado ni wake, hupumua, hushukuru, huwasha cherehani.

Leo aliamka hana maumivu. Bega lilikuwa jepesi, ngumi haikuwa na uzito ule, akajishangaa, akatamani hata kuimba. Kibogoyo, ambaye meno yameota sasa, alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, anamtungia uzi kwenye sindano kabla ya kwenda shule. Madirisha yalikuwa yamefungwa, feni imezimwa. Mama Pindo alitazama kikapu.

"Mwanangu," alisema, "hebu hamia upande huu."

Mtoto akazunguka meza, akatazama kikapu, akatabasamu na meno yake mapya.

"Mama, ona! Sasa zinanipenda mimi."